Sifuri Niliyomsomea Mama Béatrice

Mama Béatrice ni mkunga wa maternité, nyumba ndogo ya kujifungulia iliyo kwenye njia ya Kakontwe, hapa Likasi. Alipigwa na umeme wa frigo, jokofu la chanjo, asubuhi, mkono wake wa kulia ukiwa umeshika mpini wa mlango. Kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba frigo inamchoma. Nilimjibu kuwa haiwezekani. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, na kwenye skrini palikuwa na mchoro wa boksi tulilomfungia. Kwenye mwili wa boksi hilo kompyuta ilikuwa imeandika sifuri. Nikamsomea hiyo sifuri kwa simu.

Habari hii inajulikana. Sokoni kuna watu wanaoniita Papa Frigo, wengine wakidhani sisikii. Ninaiandika kwa ajili yenu mnaokuja kwenye salle, ukumbi wa parokia, kujifunza elektroniki kwa kompyuta. Kila Jumatatu mnaniona napita nje na bidoni la maji kabla ya kuwafungulia mlango, na mnacheka. Chekeni. Lakini mjue ninachokimwagia maji ni nini.

Nilifanya kazi maisha yangu yote Shituru, kwenye karakana ya vipimo ya kiwanda cha shaba. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza vyombo vinavyosoma joto, shinikizo na umeme wa mitambo. Aliyenifundisha ni Papa Symphorien, mtu mfupi aliyevaa koti la kazi lililopigwa pasi hata siku za kutambaa chini ya mashine. Alikuwa na desturi moja tuliyoichukia. Kabla hujagusa chombo chochote, uende kwanza nje ya ukuta, utafute fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, uushike waya unaotoka kwake, uufuate kwa macho na kwa vidole mpaka ufike kwenye chombo. Huo ndio waya wa ardhi, ambao hapa kwetu tunauita terre. Umeme ukipotea njia na kuingia kwenye chuma cha mashine, waya huo unaupeleka chini badala ya kukuacha wewe uupeleke kwa mwili wako.

Wakati wa kiangazi udongo wa huku unakauka na kupasuka, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Kwa hiyo kila Jumatatu mwanafunzi mpya alipewa bidoni akamwage maji penye fimbo. Tuliita kazi hiyo kuinywesha terre. Siku yangu ya kwanza bomba lilikuwa kavu, nikarudi na bidoni tupu. Papa Symphorien akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa chai asubuhi. Nikasema ndiyo. Akaniambia basi maji ninayo, niende. Karakana nzima ilitoka kuangalia. Nilisimama pale nikiwa nimewapa mgongo, na kwa aibu hayakutoka hata tone.

Alitufundisha pia kwamba chuma usichokiamini unakigusa kwa mgongo wa mkono, kamwe si kwa kiganja. Umeme unakunja vidole. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, vidole vinajikunja mbali na chuma na mkono unaruka. Ukigusa kwa kiganja, vinajikunja juu ya chuma, na unabaki umeking'ang'ania. Haya niliyajua miaka mingi kabla ya kumjua Mama Béatrice. Ningeweza kumwambia kwa neno moja siku aliponipigia simu.

Nilipostaafu, parokia ilikuwa imepokea kompyuta na kuniomba nisaidie kufundisha. Mwalimu wa kompyuta alikuwa Clarisse, msichana mwenye umri wa binti yangu wa mwisho. Yeye alijua programu, mimi nilijua umeme, ndivyo tulivyopatana. Sikumwambia kwamba sijawahi kugusa kompyuta.

Somo la kwanza niliishika souris, kile kipanya cha kompyuta, nikainyanyua hewani, nikaielekeza kwenye skrini kama unavyoelekeza tochi. Mshale haukusogea. Wanafunzi walikuwa nyuma yangu. Badala ya kuuliza, nilisema kile kifaa ni kibovu, nikatoa bisibisi, nikakifungua, nikakifuta vumbi, nikakifunga tena. Clarisse alisubiri mpaka nimalize.

"Souris iko bien, Papa," alisema polepole. "Mukono njo mubaya."

Darasa lilicheka mpaka padre akachungulia dirishani.

Programu yenyewe mnaijua. Unachora saketi kwenye skrini, unachagua vifaa, unaunganisha kwa mistari, unabonyeza, na kompyuta inakuhesabia umeme unaopita kila mahali kana kwamba kifaa kipo mezani. Saketi yangu ya kwanza ilikuwa taa ndogo na betri, kitu ambacho ningeweza kukiunga nikiwa nimefumba macho. Kompyuta iliikataa. Ilisema hakuna ardhi. Nikakasirika, nikamwambia Clarisse kwamba terre iko nje ya ukuta, si ndani ya mchoro. Akanieleza kwa upole, wanafunzi wakisikiliza.

"Hii machine inaomba umuonyeshe fasi ya sifuri," alisema. "Bila ile, haijue kuhesabu."

Na alikuwa anasema kweli. Umeme unapimwa kati ya sehemu mbili, kama vile urefu wa mlima unavyopimwa kutoka mahali fulani. Kompyuta inataka uiambie inaanzia wapi. Unaweka alama ya ardhi, vile vistari vitatu vinavyopungua, na pale panakuwa sifuri daima. Niliiweka, taa ikawaka. Tangu siku ile niliweka vistari vile bila kufikiri, kama mtu anavyoweka nukta mwisho wa sentensi.

Kisha nikaipenda programu ile kupita kiasi. Shituru, ukiunguza transista, unakwenda kwa mkubwa kueleza kwa nini, naye anakuangalia kama mwizi wa kuku. Kwenye kompyuta niliunguza transista mchana kutwa na hakuna aliyeniuliza. Niliunguza vifaa ambavyo Shituru hatukuwahi hata kuviona ila kwenye vitabu. Nilikuwa naondoka salle nikiwa wa mwisho, Clarisse akinichezeshea funguo mlangoni. Nilijiona nimekuwa kijana. Nilianza kuwaambia watu kwamba sisi wa zamani tulipoteza muda mwingi tukitambaa nyuma ya kuta.

Hapo ndipo Mama Béatrice alipokuja. Karibu na maternité yao kuna watu wa kuchomelea vyuma, na kila wanapowasha mashine zao umeme wa mtaa mzima unatetemeka. Umeme ukikatika na kurudi, unarudi kwa kishindo. Frigo ya kwanza ya chanjo ilikuwa imekufa hivyo, na chanjo zote zikatupwa. Wamama walitembea na watoto mgongoni kutoka mbali, wakarudishwa. Frigo ya pili ilikuwa imefika na aliogopa kuipoteza. Aliniuliza kama tunaweza kutengeneza kitu cha kuilinda.

Nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye. Niliifanya iwe kazi ya darasa zima. Tulichora boksi la chuma, umeme wa ukutani unaingia upande mmoja, frigo inachomekwa upande wa pili. Ndani tuliweka kizuizi cha umeme unaoruka, na condensateur mbili, vile vidude vinavyomeza mitetemo ya umeme. Moja iliunga waya wa moto na chuma cha boksi, nyingine iliunga waya wa pili na chuma hicho hicho. Chuma cha boksi tukakiunganisha na vile vistari vitatu, alama ya ardhi. Mitetemo inamezwa na kutupwa ardhini.

Kwenye skrini wimbi la umeme lilikuwa na miiba, ile ya mashine za kuchomelea. Tuliongeza ukubwa wa condensateur, miiba ikapungua. Tukaongeza tena. Mstari ukanyooka, laini kama uzi, na darasa likapiga makofi. Clarisse peke yake aliuliza kama condensateur kubwa hivyo zinakubaliwa mahali pale. Nilimwambia skrini imekubali. Fikirini. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa kompyuta, na mimi ndiye niliyekuwa na miaka ya Shituru, na mimi ndiye niliyesema hivyo.

Wakati huo huo nilifanya jambo jingine ambalo nililionea fahari. Kompyuta za salle hazikuwa na terre, nikasema siwezi kuwaweka watoto wa watu hapo. Nilikwenda kwa mtu wa mitraille, mmoja wa wale wanaonunua na kuuza vyuma vikuukuu, nikapata waya mzuri wa shaba, mnene, usio na ganda, na kishikizo cha shaba ya njano kikiwa bado kimebana mwisho mmoja. Sikuuliza umetoka wapi. Huku kwetu, ukianza kuuliza shaba imetoka wapi, hutanunua hata sufuria. Niliuzika chini ya dirisha. Mwisho wa pili, uliokuwa umekatwa, niliufunga kwenye fimbo niliyoipigilia ardhini, chini kabisa, na mwisho wenye kishikizo ukapanda kwenda kwenye kompyuta. Niliwasimulia wanafunzi habari za Papa Symphorien na bidoni, na sehemu ya chai pia. Walifurahi sana.

Siku ya kufunga boksi kwenye maternité tulikwenda watu wengi. Mama Béatrice alitupikia. Nilichomeka boksi kwenye ukuta, nikaona plagi ya ukutani ina kile chuma cha katikati cha terre, nikatosheka. Nyuma ya ukuta sikwenda. Kulikuwa na matope ya maji ya kufulia yanayomwagwa pale, na magugu, nilikuwa nimevaa viatu vya misa. Frigo ikanguruma, tukapiga picha, tukala.

Nyuma ya ukuta, waya wa terre ulikuwa umekatwa. Fimbo ilikuwepo, na kipande kifupi cha waya, halafu hakuna kitu. Wezi wa shaba walikuwa wamepita, kama wanavyopita kila mahali.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo somo. Kabla ya boksi letu, kukosekana kwa terre hakukumdhuru mtu pale, kwa kuwa hapakuwa na kitu kinachopeleka umeme kwenye chuma cha frigo. Sisi ndio tulioupeleka. Zile condensateur mbili, zikikosa ardhi ya kutupia, zinakiacha chuma cha boksi kikielea katikati ya nyaya mbili, yaani na nusu ya umeme wote wa ukutani. Na chuma cha frigo kimeungana na chuma cha boksi. Condensateur zingekuwa ndogo, mtu angesikia kama siafu wanatembea vidoleni. Zetu zilikuwa kubwa, kwa sababu tulipenda mstari ulionyooka.

Mwanzoni Mama Béatrice alisikia siafu. Alikuwa na viatu vya mpira na sakafu ilikuwa kavu. Ndipo aliponipigia.

"Papa Anselme, ile frigo inanichomaka ku vidole."

"Haiwezekani, Mama. Minye niko mbele ya schéma. Hapa inaonyesha sifuri."

"Minye niko mbele ya frigo," akasema.

Nikacheka. Nilimwambia pengine ni hewa kavu ya kiangazi, kama nguo inavyotoa cheche unapoivua. Akasema sawa, Papa, weye njo unajua. Wanafunzi walikuwa wanasikiliza, na nilipoweka simu chini niliwaambia jinsi watu wasiosoma umeme wanavyoogopa kila kitu.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wamepiga deki. Sakafu ilikuwa na maji, naye alikuwa ametoka kunawa mikono, miguu mitupu. Alishika mpini kwa kiganja. Vidole vikajikunja.

Msaidizi wake, Mama Solange, hakumgusa. Alirukia plagi ya boksi akaichomoa. Nilimuuliza baadaye nani alimfundisha, akasema kaka yake alikufa kwenye kinu cha kusaga, na aliyemshika kumvuta akafa pia.

Walinipigia, nikaenda kwa pikipiki. Nilimkuta Mama Béatrice amelazwa kwenye kitanda cha wazazi, amefumba macho, mkono juu ya kifua. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Na mimi, neno la kwanza lililonitoka, mbele ya wote, lilikuwa kuuliza kama boksi limeungua.

"Boîte?" Mama Solange akaniangalia. "Papa, unauliza boîte?"



Nilikwenda nyuma ya ukuta peke yangu, katika matope, na viatu vile vile vya misa. Niliona fimbo na kipande cha waya kilichobaki. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, nyuzi zake zote zikiwa sawa. Kishikizo cha kuubana waya ukutani hakikuwepo. Juu, mahali waya ulipoingia ukutani, palibaki alama ya kijani ya shaba.

Mama Béatrice alipona, ndivyo wanavyosema watu. Anatembea, anacheka, anaimba kwaya. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havisikii kitu. Mkunga anafanya kazi kwa vidole, wanangu. Anapima kwa vidole mtoto amelalaje, njia imefunguka kiasi gani. Sasa hiyo kazi anaifanya Mama Solange, na Mama Béatrice anasimama kando akimwambia aguse wapi. Wamama waliozoea kuzalishwa naye wanauliza, naye anawaonyesha mkono. Daktari alimwambia asubiri, mishipa inarudi taratibu, au hairudi.

Niliacha kwenda salle. Clarisse alinifuata nyumbani mara nyingi, nikajifanya naumwa mgongo. Aliyenirudisha ni Mama Béatrice mwenyewe. Aliingia salle mchana mmoja, akaagiza niitwe, na nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, wanafunzi wamemzunguka.

"Kuya unionyeshe ile ilinipiga," alisema.

Nilifungua mchoro. Nilimwonyesha waya wa moto, condensateur, chuma cha boksi. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye vile vistari vitatu.

"Na hii?"

"Njo terre, Mama."

"Ile bamwizi baliiba?"

"Ile."

"Basi itoe na hapa."

Niliufuta mstari unaotoka kwenye boksi kwenda ardhini, alama ya sifuri ikibaki kwenye waya wa pili wa ukutani, nikabonyeza. Kompyuta haikusita hata kidogo. Penye mwili wa boksi, palipokuwa na sifuri, ikaandika nusu ya umeme wa ukutani. Clarisse alishika mdomo. Programu ilikuwa inajua tangu mwanzo. Ilikuwa tayari kuniambia siku yoyote, ningeiuliza tu. Mimi niliiuliza habari za nyumba ambayo hakuna anayeiba, wakati naishi Likasi.

Kwa hiyo sasa ndivyo tunavyofanya kazi hapa, na ndiyo maana ninawachosha. Saketi ikishafanya kazi kwenye skrini, tunachora pia mwizi. Tunafuta waya mmoja, tunabonyeza, tunasoma kila chuma ambacho mkono wa mtu unaweza kukigusa. Tunaurudisha, tunafuta mwingine. Tunaweka pia mtu aliyesimama kwenye maji, ambaye kwenye mchoro ni ukinzani tu, tena mdogo kuliko mnavyodhani. Baada ya hapo tunakwenda mahali penyewe, tunapita nyuma ya ukuta na viatu vyovyote tulivyovaa. Na mtu akikupigia simu kwamba kitu kinamchoma, unamwambia achomoe plagi kwanza kwa kitambaa kikavu, halafu ndipo uanze kufikiri.

Mama Béatrice hakusema amenisamehe, nami sikumwomba mbele za watu. Aliisoma ile namba, akanyanyuka. Nilimsindikiza nje. Chini ya dirisha alisimama. Alikuwa anautazama waya wetu wa ardhi pale unapotoka udongoni, na kile kishikizo cha shaba ya njano juu yake.

"Hii iko ya wapi?" aliuliza.

Nilimwambia nimenunua kwa watu wa mitraille.

"Ulinunua mbele ya kuleta boîte ao nyuma?"

"Mbele."

Aliinama akakigusa kishikizo kwa mkono wa kulia, kisha, kwa kuwa vidole vile havimwambii kitu, akakigusa tena kwa mkono wa kushoto.

"Waya yetu ilikuwaka na kamoja sawa hii," alisema.

Vishikizo vya namna hii viko vingi Likasi, viwanda vilivitumia kila mahali. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba nitachimba palepale, ule mwisho uliokatwa tuupeleke tukaulinganishe na kipande kilichobaki kwao. Nilikuwa nimeshaita mtu alete jembe. Yeye akaangalia dirishani. Ndani mlikuwa mmekaa, kila mmoja na kompyuta yake, mikono juu ya vyuma vinavyolindwa na waya ule.

"Hapana sasa," alisema. "Batoto iko mu kazi."

Hakusema tuchimbe lini. Maternité imeshafungiwa waya mpya, niliufunga mwenyewe, na nyuma ya ukuta napajua sasa kuliko wanavyopajua wao. Wa kwetu bado uko chini ya dirisha. Kila Jumatatu naumwagia maji, na ule mwisho uliokatwa uko huko chini, kwenye fimbo, na sijauona tangu niuzike.